Kutoka Kibarua hadi Mwana Shaba: Malezi ya Wafanyakazi Katika Migodi ya Katanga

Katika darasa letu la mwaka wa mwisho tuliwahi kutoa insha yenye kichwa "Mwajiri Mwema". Mwanafunzi mmoja akaandika ya kwamba mwajiri mwema ni mzazi wa mfanyakazi: humlisha, humpa nyumba, humtibu, na humsomeshea watoto. Tulimpa alama nzuri, maana sarufi yake ilikuwa safi na hoja zilipangika. Lakini usiku, tulipokuwa tukiyapitia madaftari yale mara ya pili, wazo hilo lilituzuia kulala. Ikiwa mwajiri ni mzazi, je, mfanyakazi ni nani? Na siku mzazi huyo atakapofilisika, au atakapochoka kulea, huyo mtoto mwenye mvi kichwani atakwenda wapi?

Swali hili halikuzuliwa darasani kwetu. Limekwisha kuulizwa, tena kwa Kiswahili, na maelfu ya watu wa Katanga, kusini mwa Kongo. Tumeona yafaa tulieleze kwa kirefu katika makala haya, kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya wafanyakazi wa Katanga ndiyo pia historia ya Kiswahili cha Katanga. Pili, sisi walimu nasi tu waajiriwa, na yaliyowapata wachimba shaba yana funzo kwetu.

Neno na mtu

Sisi tunaofundisha lugha twajua ya kwamba maneno huhifadhi mambo ambayo vitabu huyasahau. Tuazime kwanza neno moja la pwani, yaani kibarua. Kwa umbo lake ni udogo wa barua: karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa ili ijulikane kuwa amefanya kazi na kwamba astahili ujira. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Mtu akawa karatasi yake. Jua lilipokuchwa, alilipwa, karatasi ikatupwa, na mwajiri hakuwa na haja ya kujua kama mtu yule ana mke, ana homa, au ana akili ya kufanya kazi kubwa zaidi ya kubeba mizigo.

Siku hizi maofisini husemwa "usimamizi wa rasilimali watu", na wako wasiolipenda neno hilo kwa kuwa lamweka mtu katika daftari moja na makaa na chuma. Hata hivyo jambo lenyewe ni la maana: namna mwajiri anavyowapata watu, anavyowatunza, anavyowaongezea ujuzi, na anavyoagana nao. Katanga ni mahali ambapo jambo hili lilifanywa mapema, kwa mpango, na kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana tunaweza kuliona likizaliwa, likikua, na likianguka.

Shaba tele, watu haba

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri likaanza kuyeyusha shaba. Mawe yenye shaba yalikuwapo, na fedha za Wabelgiji na Waingereza zilikuwapo. Watu ndio waliokosekana. Nchi ile ilikuwa na wakazi wachache, na wale waliokuwapo hawakuona sababu ya kuyaacha mashamba yao ili wakavute moshi wa tanuri.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1910 ikaundwa ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga. Mawakala wake walizunguka vijijini wakisaidiwa na serikali na machifu, na si kila aliyeondoka nao aliondoka kwa ridhaa yake. Wengine wengi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mtu alikaa miezi michache, kisha akarudi kwao; akiwa na bahati, alirudi mzima. Kichomi na kuhara damu viliwaua wengi katika makambi yale yaliyosongamana, na mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ikaongeza misiba juu ya misiba. Wengine hawakungoja mwisho wa mkataba, walitoroka usiku.

Hapa tuone hesabu ya kampuni, maana si huruma iliyobadili mambo bali hesabu. Mtu aliyesafirishwa kilomita mamia kadhaa, akavikwa, akalishwa, kisha akafa au akatoroka au akarudi kwao mara tu alipoanza kuielewa kazi, alikuwa hasara. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 faranga ya Ubelgiji ilishuka thamani, na wafanyakazi kutoka Rhodesia, waliotazamia malipo ya fedha ya Kiingereza, wakawa ghali. Mnamo miaka ya 1920 migodi ya Rhodesia ya Kaskazini yenyewe ilianza kupanuka na kuwahitaji watu wake. Tena mafundi Wazungu wa Katanga walikuwa wamekwisha kugoma, na mishahara yao ilikuwa mikubwa. Kampuni ikaona kwamba Mwafrika mmoja aliyekaa miaka mingi na kujifunza kazi ana faida kuliko kumi wanaokuja na kupita.

Kuwakalisha watu

Ndipo ilipozaliwa siasa ya kuwakalisha wafanyakazi mahali pamoja. Mnamo mwaka 1928 mkataba wa miaka 3 ulishika mahali pa ile mikataba ya miezi. Watu walitafutwa Kasai, Lomami na Maniema; na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 maelfu walitolewa Rwanda na Burundi, nchi ambazo wakati ule zilikuwa chini ya Wabelgiji. Mwanamume alihimizwa kuja na mkewe. Aliyekuwa hajaoa aliweza kukopeshwa na kampuni fedha za mahari. Mtu aliyehusika sana na mpango huu ni daktari Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha kitabu chake cha kuieleza siasa hiyo ya kampuni.

Tuwe wakweli, tuyataje mema yaliyofanyika. Nyumba za matofali zilichukua mahali pa vibanda. Maji safi yaliletwa kambini. Zilijengwa hospitali na zahanati za akina mama, ambako watoto wachanga walipimwa uzito na kupewa maziwa. Posho iligawanywa kila wiki: unga wa mahindi, nyama au samaki, njugu, mafuta ya mawese, chumvi, wala haikuwa ya mwanamume peke yake, bali mke na watoto nao walikuwa na fungu lao. Kwa njia hii vifo vilipungua sana, na makambi ambayo zamani yalikuwa mahali pa kuzika yakawa mahali pa kuzaliwa. Wasomaji wanaojua Kilingala watakumbuka ya kwamba katika lugha hiyo neno poso lina maana ya wiki. Hilo ni neno letu posho lililosafiri: watu walizihesabu siku kwa mgawo wa chakula.

Kisha lilifuata suala la mafunzo. Shule za makambini ziliwekwa mikononi mwa mapadri. Wavulana walifundishwa kusoma, kuhesabu na kazi za mikono, na waliofaulu wakaingizwa katika ufundi. Wasichana walifundishwa kushona na kutunza nyumba, kwa matumaini kwamba watakuwa wake wa wafanyakazi. Katika Afrika ya Kusini sheria ziliwazuia watu weusi kuzigusa kazi nyingi za ufundi. Katanga, kinyume chake, Waafrika waliendesha mashine, wakashika matanuri, na wakafanya kazi za karakana ambazo kabla yake zilifanywa na Wazungu. Baba alikuwa amekuja akiwa mbeba mawe. Mwanawe akawa fundi.

Na Kiswahili? Makambini walikutana Waluba, Wabemba, Wasonge, Wanyarwanda, Warundi na wengineo. Kiswahili, kilichokuwa kimefika nchi hizo pamoja na biashara ya misafara, kikawa lugha ya kazi na ya jirani kwa jirani. Watu wa kandarasi za miezi sita wangalikitumia kama chombo cha kupitia tu. Lakini watu waliokaa, wakazaa, na kulea watoto pale, waliwaachia watoto hao Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani. Hivyo basi, Kiswahili cha Lubumbashi, pamoja na sarufi yake ambayo baadhi yetu huiita mbovu kwa haraka, ni tunda la uamuzi juu ya wafanyakazi. Laiti watu wasingalikalishwa, lugha nayo isingalikaa.

Mtoto asiyeruhusiwa kukua

Hata hivyo malezi yale yalikuwa na kasoro kubwa. Mottoulle na wenziwe waliamini, na kuandika wazi, ya kwamba Mwafrika ana akili ya kitoto na yampasa awe na mlezi. Kwa imani hiyo mkuu wa kambi, ambaye alikuwa Mzungu, alikuwa na neno katika karibu kila jambo la mkaazi wake: nani alale katika nyumba, nani azuru, mtoto yupi aende shule, mke gani apunguziwe posho. Mfanyakazi aliweza kuomba, bali si kujadiliana. Chakula alichopewa kilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo yake, na fedha taslimu zilizobaki mkononi mwake zilikuwa kidogo.

Kasoro hiyo ilijitokeza mara ya kwanza wakati wa mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Bei ya shaba ilipoanguka, maelfu ya wale waliokuwa wameambiwa kaeni, leteni wake zenu, hapa ndipo kwenu, walirudishwa vijijini. Baba alionyesha kwamba aweza kuwaondoa watoto nyumbani kwa hesabu ile ile iliyomfanya awaite.

Mara ya pili ilikuwa vita vya pili vya dunia. Shaba ilitakiwa kwa wingi, kazi ikaongezwa, bei za nguo na bidhaa nyingine dukani zikapanda, na mishahara ikabaki nyuma. Mnamo Disemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 ya mwezi huo umati wao ulikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville kudai nyongeza. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika. Wafanyakazi walikataa kutawanyika. Askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa amesimama kuwasemea wenzake.

Twaomba msomaji atue kidogo hapa. Watu waliopigwa risasi uwanjani hawakuwa wale wa 1911 waliokokotwa kutoka vijijini. Walikuwa ndio hasa waliolelewa na mpango ule: wenye nyumba, wenye posho, wenye watoto shuleni, wengi wao wenye ufundi. Hawakugoma kwa kuwa hawakulishwa. Waligoma kwa kuwa walitaka kuulizwa. Mafunzo yana tabia hii moja isiyoepukika: ukimfundisha mtu kupima joto la tanuri, umemfundisha pia kuupima mshahara wake.

Mwana Shaba

Baada ya vita serikali ya kikoloni ililegeza kamba. Mwaka 1946 ilikubali vyama vya wafanyakazi Waafrika na mabaraza ya wafanyakazi ndani ya makampuni. Lakini mabaraza yale yalikuwa ya kushauri tu. Baraza lilinena, na kampuni ikaamua. Mwaka 1957 kampuni ilianzisha gazeti la wafanyakazi wake likaitwa Mwana Shaba. Jina ni zuri, na wenyewe walilipokea kwa fahari. Hata leo wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hujiita bana shaba. Nasi twalipenda. Lakini, tukilitazama kwa jicho la mwalimu wa lugha, twaona jinsi safari ilivyokuwa. Mfanyakazi alitoka kuwa karatasi, akawa mwana. Hatua hiyo ni kubwa. Ila lugha ile haikupata neno la kumfanya mwenzi.

Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, jambo hilo lilionekana wazi. Katanga ilikuwa na mafundi Waafrika hodari wasio na idadi, lakini nafasi za uhandisi na uongozi zilikuwa mikononi mwa Wazungu. Vyuo vikuu vya nchi nzima vilikuwa vimefunguliwa juzi tu, cha Lovanium mwaka 1954 na cha Elisabethville mwaka 1956, na Wakongo wenye shahada walihesabika kwa vidole. Malezi yalikuwa yamejenga ngazi ndefu, kisha yakaondoa vipago vya juu.

Katika miaka hiyo kuna andiko ambalo kila mwalimu wa Kiswahili angefaa kulijua. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitunga historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha huko huko. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Thamani yake kwetu ni hii: mtumishi ameacha kusimuliwa, amesimulia mwenyewe.

Baba alipofariki

Siku ya kwanza ya mwaka 1967 mali ya kampuni ilitwaliwa na serikali ya Kongo, na baadaye shirika jipya likajulikana kwa jina la Gécamines. Shirika hili liliendeleza desturi za lile la kwanza, hata likazizidisha. Unga uligawanywa, shule na hospitali ziliendeshwa, nyumba zilitolewa, na safari hii Wakongo walipanda hadi vyeo vya juu kabisa. Watu walisema ya kwamba shirika ndilo baba na ndilo mama. Mwaka 1986 lilitoa shaba tani zipatazo 476,000.

Kisha mambo yakaharibika. Fedha za shirika zilichotwa na watawala, mitambo haikutengenezwa, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi mkubwa wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 siasa za chuki ziliwafukuza Katanga watu wengi sana wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa wale walioletwa kwa mikataba ya kampuni, nao hawakuwa na kwao pengine. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa malipo ya mara moja, ambayo wengi walilalamika kuwa hayakulingana na haki zao za miaka mingi ya utumishi. Pamoja na kazi walipoteza shule ya watoto, tiba, na unga wa kila mwezi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina lenye maana ya kwamba bana shaba wametupwa na baba yao.

Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini hatutaki kuwatupia lawama wale wazee. Hawakuchagua kutegemea, walipangiwa kutegemea. Nyumba haikuwa yao. Duka lilikuwa la kampuni. Hata ufundi wao ulikuwa wa mitambo ambayo haikupatikana mahali pengine nchini.

Funzo kwetu walimu

Tukirudi katika insha ya mwanafunzi wetu, twaona kwamba alikuwa na nusu ya ukweli. Mwajiri asiyejali chakula, afya na makao ya watu wake ni mwajiri wa vibarua, na Katanga ya kwanza yatuonyesha kaburi la siasa hiyo. Hakuna kazi bora bila mtu aliyetunzwa na kufunzwa. Hayo Union Minière iliyaona mapema, na si haki kuyakana.

Lakini kutunza ni jambo moja na kukuza ni jambo lingine. Kwa maoni yetu mfanyakazi amekuzwa kweli endapo mambo matatu yamo. La kwanza, ujuzi apewao uwe wake, aweze kuondoka nao na kuutumia kwingine. La pili, ngazi ya vyeo isiwe na mahali ilipokatwa kwa sababu ya rangi, kabila, jinsia au undugu. La tatu, na ndilo kubwa, awe na sauti katika mambo yanayomhusu, sauti inayoamua na si ya kushauri tu. Posho isiyo na sauti ni deni, siku itadaiwa.

Nasi tujitazame. Kuna shule tuliyopata kufundisha ambako kila likizo walimu waliitwa kwenye semina ya kujiendeleza. Tulipewa chai, daftari, na nauli ya kurudia. Hakuna mwaka tulioulizwa ni lipi lililotushinda darasani. Tulifundishwa yale yaliyokwisha kuamuliwa kwamba hatuyajui. Tulipokuwa tukiondoka na vyeti vyetu mkononi tulishukuru, na tulikuwa wakweli katika shukrani zetu, kama vile mwana shaba alivyokuwa mkweli akipokea unga wake. Ni baada ya kuisoma historia hii ndipo tulipotambua kilichokosekana katika chai ile.

Yule mwanafunzi tulimrudishia insha yake pamoja na alama zake zile zile, kwani zilikuwa haki yake. Chini yake tuliandika kwa wino mwekundu swali moja, ambalo twawaachia na ninyi wasomaji mlipeleke katika madarasa yenu: baada ya kibarua, na baada ya mwana, mfanyakazi tumwite nani?